Boti Niliyokataa Kuiombea

Nimeombea vitu vingi tangu nilipofanywa mzee wa kanisa. Nimeombea pikapu, mashine za kusaga mahindi, tangi la kupozea maziwa, na mara moja ng'ombe wa kisasa aliyeletwa amefungwa utepe mwekundu pembeni kama bi harusi. Sikuwahi kusita. Pikapu naweza kutazama magurudumu yake, na mashine ya kusaga naisikia ikinguruma. Lakini kamati ya kanisa letu hapa Manyatta iliponiambia niandae ombi la kuweka wakfu boti, nilinyamaza. Walipouliza kwa nini nimenyamaza, nikasema nitawajibu nikishaiona.

Sisi ni watu wa mlimani. Maji yetu ni mito myembamba ya baridi ambayo mtu huivuka kwa kukanyaga mawe. Wengi wetu hatujui kuogelea na hatuoni haya kusema hivyo. Lakini kanisa letu lilizaa kanisa dogo kule chini kwenye joto, ng'ambo ya bwawa la umeme, na ndugu zetu wa huko wakitaka kuja kwetu hulazimika kuzunguka kwa barabara ya vumbi hadi darajani. Wasiotaka kuzunguka huvuka kwa vimashua vya wavuvi, wakipita karibu na viboko. Mkaza mwanangu ni mzaliwa wa ng'ambo hiyo. Mama yake anaugua, na binti huyo huvuka mara kwa mara kwenda kumtazama, mjukuu wangu akiwa mgongoni. Kwa hiyo kamati iliposema itatengeneza boti ya kanisa, yenye injini, ya kubeba watu wengi kwa pamoja, nilimshukuru Mungu kwa moyo wangu wote. Shukrani hiyo haikupungua baadaye. Kilichoongezeka ni shaka.

Niliikuta boti katika karakana ya fundi wetu wa kuchomelea, kando ya barabara, imelala kati ya mageti mawili na tangi la maji. Fundi huyu ametengeneza mageti ya nusu ya majirani zangu, na tangi la chuma lililo nyumbani kwangu ni kazi yake. Alikuwa akiipaka boti rangi ya samawati.

"Mwalimu, karibu uone safina," akasema. Wote huniita Mwalimu, kwa kuwa nilifundisha somo la dini miaka mingi, kwanza kule Kaaga, Meru, nilikozaliwa, kisha huku Embu nilikoolewa.

Niliizunguka polepole. Kadiri nilivyoizunguka ndivyo nilivyozidi kuona sura ninayoijua.

"Hili ni tangi," nikasema.

"Ni nusu ya tangi," akajibu bila haya. "Nililipasua kwa urefu, nikaliwekea pua mbele na ukuta nyuma. Chuma kizito kabisa. Kuna mtu amewahi kukuambia tangi langu linavuja?"

"Hapana. Lakini tangi kazi yake ni kuzuia maji yasitoke. Hii kazi yake ni kuyazuia yasiingie."

"Si ni ukuta uleule, Mwalimu? Maji hayajui yako upande gani."

Wanaume waliokuwa wakinywa chai pale walicheka, nami nikacheka. Lakini macho yangu yalikuwa yamepanda juu. Juu ya nguzo sita za chuma alikuwa ameweka paa la mabati, na juu ya paa, reli za kufungia mizigo, ndizi na magunia na viti vya plastiki. Ndani kulikuwa na mabenchi mawili marefu, kila moja limeegemezwa ubavuni, yanatazamana. Nikauliza nani aliyeyapanga hivyo.

"Kamati. Mwenyekiti alisema anataka kanisa linaloelea. Akina mama upande ule, wazee upande huu."

Hapo sikuona ubaya. Ndivyo tunavyokaa. Nilichotilia shaka ni lile paa, na rangi pia. Kwa nini kitu kipakwe rangi ya kupendeza kabla hakijaguswa na maji?

Mwenyekiti wa kamati alikuja tukiwa bado tunazungumza. Huyu ni mzee mwenzangu, mtu mwema, aliyefanya biashara ya malori maisha yake yote. Amebeba ndizi na mahindi katika kona za milima hii na hajawahi kulaza lori hata moja mtaroni. Nilimwambia paa linanitia wasiwasi.

"Lori tupu ndilo huyumba," akasema. "Lipakie, litatulia. Mzigo ndio hutuliza gari, Mwalimu. Niulize mimi."

"Na kama boti si lori?"

"Mwalimu, kazi yako ni kuomba. Chuma tuachie sisi."

"Nikiomba, watu watapanda kwa sababu nimeomba."

"Si ndiyo maana tunakuomba uombe!"

Jibu hilo lilinikaa vibaya. Nimefundisha watoto wengi kwamba imani si kufumba macho, na kwamba mtu anayeweza kushuka kwa ngazi hapaswi kuruka ghorofani halafu aseme Mungu atamdaka. Nikauliza haraka hii yote ni ya nini. Akasema askofu amekubali kuja kuizindua, na tarehe ya askofu haisogezwi. Nikarudi nyumbani nikiwa nashuku chuma, nashuku paa, nashuku haraka, na sina hata neno moja la kueleza ninachoshuku. Mtu asiyejua kitu hushuku vyote kwa pamoja, na hilo linachosha.

Dada yangu mkubwa anaishi Kangeta. Mwanawe wa pili alifanya kazi pwani kwa miaka mingi, katika karakana ya kutengeneza meli, na kazi yake ilikuwa kuzichora kabla hazijajengwa. Kisha akarudi nyumbani kulima miraa. Katika ukoo wetu jambo hilo lilizungumzwa kwa sauti ya chini. Mtu aliyesomea meli anarudije kufunga vifurushi kwa majani ya mgomba? Wengine walisema alifukuzwa. Wengine walisema alichora meli ikazama. Mimi namshukuru Mungu kwamba sikuchangia maneno hayo, ila niliyasikiliza hadi mwisho. Sasa nikaona sina mtu mwingine wa kumwendea. Nikafunga nguo chache, nikaenda.

Dada yangu alikuwa ameketi uani, blanketi miguuni. Miguu yake imekuwa ikivimba tangu mwaka jana.

"Umekuja kuniona mimi au kumpeleleza mwanangu?" akauliza kabla sijakaa.

"Yote mawili."

"Angalau hujaanza uongo uzeeni. Baba! Njoo, mama yako mdogo amefika."

Humwita mwanawe "baba" kwa sababu anabeba jina la baba yetu, na mimi pia ndivyo ninavyomwita. Kumgombeza mtu kama huyo ni kazi ngumu. Unaona kama unamgombeza marehemu mzee wako. Alikuja kutoka shambani akajipangusa mikono, akanisalimu kwa heshima. Nikamwonyesha picha za boti kwenye simu.

Alizitazama kwa muda, akizivuta ziwe kubwa. "Nani aliichora?"

"Haikuchorwa. Ilipasuliwa."

Alicheka hadi akafuta macho. Kisha akaacha kucheka, na kule kuacha ndiko kulikonitisha.

"Niambie, baba. Ni salama au si salama?"

"Naweza kukuambia, mama mdogo. Lakini utaniamini?"

Nilifikiri kwanza. "Hapana," nikasema.

"Basi ujifunze mwenyewe."

Hivyo ndivyo mwanamke wa umri wangu, aliyeona bahari mara moja tu kutoka dirisha la basi, alivyoanza kujifunza jinsi vyombo vya majini vinavyopangwa. Nilikaa kwa dada nikimsaidia kupika na kumkanda miguu. Asubuhi mwanawe alikuwa mashambani na sokoni. Mchana, jua likiwa kali, alirudi, akaweka beseni la maji uani, na somo likaanza.

Kwanza nilitaka kujua kwa nini chuma kinaelea hata kidogo. Alijaza beseni hadi mdomoni, akaliweka ndani ya karai, akashusha majini sufuria yenye viazi. Maji yalimwagika kwenye karai. Tukayapima kwenye mizani yake, kisha tukapima sufuria na viazi vyake. Uzito ulikuwa mmoja.

"Chombo kinafukuza maji," akasema, "na maji yaliyofukuzwa yanadai nafasi yao. Yanakisukuma juu kwa uzito wao wenyewe. Kikifukuza maji yenye uzito sawa na wake, kinatulia hapo."

Nilimwambia arudie kwa mawe badala ya viazi. Kisha nikataka tubadilishe mizani, tukaazima ya jirani.

"Anashuku hata maji," dada akasema kutoka kitini. "Alikuwa hivi tangu utotoni. Mama alikuwa akimpa uji, yeye anakoroga kwanza kuangalia kilicho chini."

"Na siku ile nilipokuta mende?"

"Siku moja! Kwa mende mmoja umekoroga maisha yako yote."

Somo lililofuata lilikuwa gumu zaidi, na nililirudia siku kadhaa kabla halijaniingia. Kila chombo, pamoja na vyote vilivyomo, kina mahali pamoja ambapo ni kana kwamba uzito wake wote umekusanyika. Maji nayo yana mahali pao pa kusukumia, katikati ya ile sehemu iliyozama. Chombo kikiwa wima, sehemu hizo mbili ziko kwenye mstari mmoja, moja juu ya nyingine. Kikiinama, umbo la sehemu iliyozama linabadilika, na msukumo wa maji unahamia upande ulioinama. Ukihamia vya kutosha, unakiinua chombo kirudi wima. Usipohamia vya kutosha, unakisaidia kuanguka. Maji ni yaleyale. Yanaweza kuwa mkono wa kukuinua au mkono wa kukusukuma, kutegemea uzito umeuweka wapi.

"Sasa tuone hili tangi lenu," akasema. Akachukua mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, ule wa mviringo, akaupasua kwa urefu kama fundi wetu alivyofanya, akauweka majini na jiwe dogo chini. Akausukuma ubavu kwa kidole. Uliyumba, ukarudi.

"Duara hata ukilizungusha halibadiliki," akaniambia. "Kwa hiyo chombo chenye tumbo la duara, kikiinama, maji husukuma kila mara kuelekea palepale, katikati ya duara. Na tangi likipasuliwa nusu, katikati ya duara ni wapi?"

Nililitazama. "Ni usawa wa mdomo."

"Basi umemaliza somo. Uzito ukiwa chini ya usawa wa mdomo, kitarudi. Ukiwa juu yake, hakitarudi."

Akaweka vijiti viwili, na juu ya vijiti kipande cha ubao, na juu ya ubao kiazi. Hilo lilikuwa paa letu. Mtungi ulipinduka kabla hajauondolea mkono. Nilimsogeza pembeni, nikafanya mwenyewe, nikitamani kukuta amedanganya. Ulipinduka tena. Nikajaribu kiazi kidogo. Ulisimama, nikaupulizia tu, ukalala.

"Kuna mtu anasema lori likipakiwa hutulia," nikasema.

"Lori limesimama juu ya ardhi, mama mdogo. Ardhi haikimbii."

Jioni hiyo, tukinywa uji wa wimbi, niliona ni wakati wa kuuliza. Nilimwuliza kwa nini aliacha kazi.

"Mama aliugua."

"Hilo tu?"

"Ungetaka liwe nini?"

"Nilisikia habari za meli iliyozama."

"Meli gani?"

Dada akaweka kikombe chini. "Hiyo waliizamisha hapa nyumbani, siku ya matanga, wakinywa chai yangu."

Mimi niliongeza sukari kwenye uji ambao ulikuwa na sukari ya kutosha.

Dada alipopata nafuu kidogo, na binti yake akaja kukaa naye, mpwa wangu alikubali kushuka nami Manyatta kuitazama boti kwa macho. Fundi alimpokea kwa mashaka. Alimvuta kando mwenyekiti, lakini sauti yake ni ya mtu aliyezoea mashine, nikaisikia. "Huyu ni wa serikali?"

"Ni mwana wa dada yangu," nikasema.

"Eh! Mmeru mmoja alikuwa anatosha, sasa wameongezeka."

Mpwa wangu aligonga mabamba kwa nyundo, akapitisha kidole kwenye mishono yote, akalala chini ya boti akiwa na tochi. Alipoinuka alisema chuma ni kizuri na kuchomelea ni kuzuri kuliko kwingine alikokuona pwani. Fundi akanyooka kifua. Kisha mpwa akasema paa litoke, reli zitoke, kiti kilichoinuliwa cha wageni kitoke, mabenchi yashushwe, na mawe yafungwe chini ya sakafu. Aliyaita mawe hayo farumi, neno la pwani.

"Mawe?" mwenyekiti akauliza. "Naongeza uzito ili isizame?"

"Unaongeza uzito chini, mzee wangu, ili isipinduke. Kuzama na kupinduka ni magonjwa mawili."

Walibishana hadi chai ikapoa. Aliyekata shauri ni fundi. Alikuwa ameshika ule mtungi uliopasuliwa, ambao nilikuja nao kwenye mkoba wangu. Akauweka kwenye pipa la maji lililokuwa pale, akaupa paa la bati, akaupindua mara nne au tano. "Nitatoa paa," akasema. Mwenyekiti akainua mikono. "Haya, toeni. Lakini tarehe haibadiliki."

Kabla ya kurudi kwa mama yake, mpwa wangu aliniambia, "Wakikaa pande zote sawasawa, na wakikaa kweli, itawavusha." Niliyachukua maneno hayo kama mtu achukuavyo risiti. Usiku huo nililala vizuri, na Jumamosi nikaanza kuandika ombi langu.

Jumapili nilikuwa na zamu ya kusoma neno. Nilisimama mbele, nikafungua kitabu, nikainua macho kuwatazama watu kabla ya kuanza, kama nilivyozoea. Upande wa kushoto akina mama walikuwa wamebanana, wengine wamepakata watoto wasio wao ili nafasi ipatikane. Upande wa kulia kulikuwa na wazee wachache, kofia magotini, na kati ya mmoja na mwenzake mtu angeweza kulala akajinyoosha. Kanisa letu limekuwa hivyo tangu nilipolijua. Sijui nilisoma nini. Nakumbuka nilirudi kitini, na mchungaji akasema tusimame tuombe, na kanisa lote likainuka kwa pamoja, mara moja, bila hata mmoja kufikiri. Mimi nilibaki nimeketi. Jirani yangu alidhani magoti yananiuma, akanishika mkono.

Baada ya ibada nilimpigia mpwa wangu simu nikiwa nyuma ya jiko la kanisa. Nikamweleza jinsi tunavyokaa.

"Mama mdogo, kwa nini hukuniambia mnakaa hivyo?"

"Wewe kwa nini hukuuliza?"

"Pwani abiria anakaa penye nafasi. Nani anapanda chombo kama anaenda ibada?"

"Sisi," nikasema.

Nilikwenda kwa kiongozi wa akina mama kwanza, nikamweleza kwamba ndani ya boti wanaume na wanawake watakaa wamechanganyika.

"Nikae bega kwa bega na mwanamume, majini, mbele ya askofu?"

"Atakuwa mume wako mwenyewe."

"Huyo ndiye kabisa! Nimemkimbia Jumapili miaka yote hii ili nisikie neno bila kukoroma."

Nilicheka, lakini nilitoka mikono mitupu. Mwenyekiti naye alinisikiliza akiwa amesimama, funguo mkononi. "Ulianza na chuma, ukaja paa, sasa umefika makalio," akasema. "Mwalimu, kuna siku utaridhika?" Nilijua pia yaliyokuwa yakisemwa nyuma yangu: kwamba sitaki watu wa ng'ambo wavuke, kwamba Mmeru anaichelewesha boti ili ihamishiwe kwao. Kwetu hatuna hata bwawa la kuiweka. Nami, niseme ukweli, nilikuwa nimeanza kumshuku mwenyekiti kwamba afadhali apoteze watu kuliko kupoteza siku ya askofu. Nilimwomba Mungu aniondolee wazo hilo. Nikamwomba mwenyekiti jambo moja tu: tuijaribu kwa magunia ya mchanga kabla ya kuijaribu kwa watu. Angekataa, lakini fundi alikuwa karibu. "Boti yangu haiogopi mchanga," akasema, na ikawa imeamuliwa.

Tuliishusha bwawani kwa lori la mwenyekiti. Tulichagua mahali ambapo maji hayapiti kiuno, tukaifunga kamba pande zote mbili, na vijana wa kanisa wakajaza magunia, jepesi kwa binti, zito kwa mzee wa kanisa. Kwanza tuliyapanga sawasawa. Boti ilikaa kama meza. Fundi alipiga makofi peke yake.

"Sasa yapangeni kama Jumapili," nikasema.

Nilisimama kwenye maji yaliyonifika vifundoni nikiwaelekeza kwa kumbukumbu. Gunia hili ni la mwalimu wa kwaya. Hili ni la mke wa mchungaji. Hapa weka gunia, na juu yake kigunia kidogo. Huyo ni mkaza mwanangu na mtoto. Boti iliinama upande wa akina mama hadi ukingo ukabaki juu ya maji kwa kiasi cha kiganja.

"Lakini imesimama!" mwenyekiti akasema.

"Imesimama. Sasa waambie tusimame tuombe."

"Mchanga hausimami, Mwalimu."

Tulikuwa na kreti tupu za soda kwenye lori. Nikawaambia vijana, wakiwa nje ya boti majini, wainue kila gunia waliweke juu ya kreti. Hawakufika nusu. Boti haikuanguka kwa kishindo. Ililala polepole, kama ng'ombe anayejilaza mwenyewe, vijana wakaruka kando, maji yakaingia kwa ukingo wote kwa pamoja, na magunia ya wazee yakateleza yakayafuata ya akina mama chini. Tumbo la samawati lilitazama juu.

Mwenyekiti alivua kofia. Alitazama maji kwa muda mrefu, kisha akaniuliza bila kunigeukia, "Lile la kwanza, karibu na pua, ulisema ni la nani?"

"Ni mkeo."

Aliingia majini na viatu vyake, akashika kamba, akaanza kuvuta.

Fundi aliyahamisha mabenchi. Sasa yako katikati, yamepeana migongo, chini kabisa, ili uzito wa kila mtu uwe karibu na mstari wa kati. Aliongeza mawe. Ubavuni alipaka mstari mweupe: maji yakiugusa, hakuna mwingine anayepanda, awe nani. Jaketi za kuelea zilinunuliwa. Na mwenyekiti mwenyewe alisimama kanisani akatangaza kwamba ndani ya boti mwanamume atafuatwa na mwanamke, na mwanamke na mwanamume, na asiyetaka atazunguka kwa barabara ya vumbi. Kiongozi wa akina mama alinitazama kwa jicho la mtu ambaye hadi leo hajanisamehe.

Siku ya kuweka wakfu, askofu alikuja, nami niliiombea boti ikiwa ufukoni, tukiwa tumesimama kwenye nchi kavu. Niliombea fundi, na mpwa wangu, na mikono iliyovuta kamba. Kisha tukapanda. Mkaza mwanangu aliketi karibu nami na mtoto. Mzee mmoja alikuwa ameketi mikono imebana kifuani ili asimguse jirani yake, na jirani yake alimwambia, "Pumua, mzee, sikuli." Watu wakacheka, injini ikawaka, na ufuko ukaanza kurudi nyuma.

Nilikuwa nimewaambia wote wasisimame. Nilikuwa nimemwambia hata mwenye injini. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni.

Tulipofika katikati, pale maji yalipo meusi, askofu alitazama huku na huku, uso wake ukajaa furaha. Akashika bega la mwenyekiti, akainuka. "Wapendwa," akasema, "tusimame tumshukuru Mungu."

Nilisikia mbao za mabenchi zikipumua, watu wakianza kuinuka. Mkaza mwanangu alikuwa tayari ameinua goti.

"Keti!" nikasema.

Ilikuwa sauti ya darasani, ambayo sikujua kama bado ninayo. Wote waliketi kwa pamoja, hata askofu, ambaye sijawahi kumfundisha. Boti iliyumba upande wa kulia, ikarudi, ikayumba kushoto, ikarudi. Mwenyekiti alikuwa ameinamia ukingo akitazama mstari mweupe.

"Nisamehe, Baba Askofu," nikasema. "Humu tunaomba tumeketi."

Aliweka mikono magotini. "Basi omba wewe, Mwalimu."

Nikaanza kuomba. Nilishukuru kwa mvua, nikashukuru kwa mavuno, nikawataja wagonjwa mmoja mmoja na yatima na wajane na wanafunzi wa kila shule ninayoijua. Nilikuwa nawajua watu wangu. Ombi likiisha wangeinuka kushikana mikono na kuimba, na ng'ambo ilikuwa bado mbali. Kwa hiyo niliendelea, macho yakiwa wazi, nikamtazama mtoto, nikautazama ukingo, nikamtazama yule kijana wa nyuma aliyekuwa akijisogezasogeza. Niliombea serikali. Niliombea nchi jirani. Mtu alikohoa. Niliombea wasafiri wote wa majini na wa nchi kavu, hadi nikasikia pua ya boti ikikwaruza mchanga wa ng'ambo, na kijana wa kamba akaruka akaifunga kwenye mti.

Ndipo nikasema amina.